Dampa ya panga la turbini: kwa nini vipimo havilingani na hesabu?

SWALI: Mhandisi, habari ya kazi. Nasomea uhandisi wa mitambo hapa Nairobi. Mradi wangu ni dampa za msuguano, vile vipande vya chuma vinavyokaa chini ya mapanga ya turbini ili kupunguza mtetemo kwa kusuguana nayo. Hesabu inanipa kilele cha mtetemo kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Vipimo vinaonyesha kilele kifupi zaidi: turbini ikiwashwa kinatokea juu kidogo ya 2,400, ikizimwa kinatokea chini yake. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako ni sawa, ila ni ya turbini iliyotulia kwenye kasi moja. Aliyepima alipima turbini iliyokuwa inapita kwenye kasi hiyo bila kutulia.

Mtetemo huhitaji muda kukua. Tuseme panga lako lina masafa asilia ya hezi 240, yaani likigongwa hutetemeka lenyewe mara 240 kwa sekunde, na linasukumwa mara 6 kila mzunguko. Hapo linapatana na msukumo kwenye mizunguko 40 kwa sekunde, ndiyo 2,400 yako. Kasi ikipanda kwa mizunguko 60 kwa dakika kila sekunde, masafa ya msukumo yanapanda hezi 6 kila sekunde. Panga lisilo na dampa, lenye uwiano wa ufifishaji (kipimo cha jinsi mtetemo unavyofifia) wa 0.001, lina ukanda wa hatari, yaani masafa yaliyo karibu na kilele, wa takriban nusu hezi. Linauvuka kwa sekunde 0.08, ilhali mtetemo ungetaka kama sekunde 0.66 kufikia hata thuluthi mbili ya kimo chake. Kwa hiyo kilele huwa kifupi na huchelewa. Kuchelewa wakati wa kushuka ni kuangukia chini ya 2,400.

Sasa weka ufifishaji wa 0.01, kama wa dampa inayofanya kazi. Kuvuka kunachukua sekunde 0.8, na mtetemo unakua kwa sekunde 0.07 hivi. Vipimo vingekaribia sana hesabu yako. Basi kama turbini yenu inapanda kwa mwendo huo na tofauti bado ni kubwa, mimi ningeshuku kwamba dampa haitelezi.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Dampa hubanwa na nguvu ya mzunguko, na nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi. Kipande cha gramu 10 kilicho sentimita 40 kutoka kitovu kinabana kwa niutoni 99 kwenye mizunguko 1,500, niutoni 253 kwenye 2,400, na 395 kwenye 3,000. Kikibana kidogo mno, kinateleza bila kula nishati ya maana. Kikibana mno, kinashikamana na panga: hakuna msuguano unaofanya kazi, ukakamavu tu wa panga umeongezeka, na masafa yake asilia yamepanda. Kwa mgawo wa msuguano wa 0.3, kwenye 2,400 hakitateleza mpaka kani ya pembeni ipite niutoni 76. Ukivuka haraka, mtetemo unaweza kuisha kabla ya kufika hapo.

Kwa hiyo chagua uzito wa dampa kulingana na kasi ambayo kilele kinavukwa, hapa 2,400, hata kama turbini itashinda siku nzima kwenye 3,000.

Nina dampa mbili mezani kwangu, zilizotolewa kwenye gurudumu moja. Moja inang'aa upande mmoja kama sarafu iliyozeeka mfukoni. Nyingine bado ina mikwaruzo ya mashine iliyoichonga, safi kabisa. Hiyo ya pili haikuwahi kuteleza. Kabla ya kurudi kwenye kompyuta, omba fundi akufungulie zako uzitazame kwa kurunzi.

Halafu rudia kipimo kwa mwendo wa polepole, kupanda na kushuka kwa kiwango kilekile. Vilele viwili vitasogeleana. Katikati yake pakiwa juu ya masafa ya panga lisilo na dampa kwa kiasi kile hesabu inachokupa dampa ikiwa imeshikamana, basi haitelezi: punguza gramu ujaribu tena. Usisahau kuzima: turbini ikiachwa ijizungukie hadi isimame, mara nyingi hukawia zaidi kwenye kasi za hatari kuliko ilipowashwa. Utaona hilo hata kwenye kinu cha posho Kawangware, kinavyotikisika muda mfupi kabla ya kusimama.