Kubadili jina la draiva bila kuwakwamisha wanaoitumia

Draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi hiyo, ikiishi miaka mingi, jina lake huachwa nyuma na kazi yake. Draiva ya Intel iliyoitwa i40evf ilibeba jina la familia moja ya kadi, ilhali ilitarajiwa kuhudumia mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya seva) hata kwenye kadi za vizazi vijavyo. Keneli ya Linux 4.20, yaani kiini cha mfumo huo, ilipotoka Desemba 2018, ilikuwa tayari inaitwa iavf.

Nimewahi kufanya kazi ya namna hiyo kwenye draiva ndogo zaidi, na jambo ninalolisisitiza ni kutochanganya kubadili jina na kupunguza msimbo. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, haiweki kumbukumbu ya faili kuhamishwa. Hukisia tu kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida hutaka yafanane kwa angalau asilimia 50. Ukihamisha faili na papo hapo ukafyeka sehemu yake kubwa, historia inakatika, na anayefuatilia hitilafu ya zamani hukosa pa kuanzia. Kiraka cha kwanza, yaani furushi la kwanza la mabadiliko ya msimbo, kibadili jina pekee, kisha ufyekaji ufuate.

Katika ufyekaji wenyewe, kufuta vitendaji visivyoitwa popote ni kazi rahisi. Kinachohitaji fikra ni yale masharti yanayouliza kadi ni ya toleo gani, kwa sababu kila toleo jipya litadai sharti jingine. Afadhali draiva iulize kadi ina uwezo gani, kama iavf inavyopatana na draiva ya seva mwenyeji kabla ya kuanza kazi.

Jina la zamani nalo huwa limeshasambaa nje ya msimbo. Mstari wa MODULE_ALIAS (unaoipa draiva jina la ziada) wenye jina hilo utawezesha modprobe, amri ya kupakia draiva, kuendelea kuipakia moduli, yaani faili ya draiva, lakini hautoshi: mstari wa "blacklist i40evf" katika /etc/modprobe.d hauizuii iavf, kwa hiyo moduli ambayo msimamizi alidhani ameizima itapakiwa kimyakimya kadi inapotambuliwa. Hati za ufuatiliaji zinazosoma jina la draiva kwa "ethtool -i" nazo zitapata jibu zisilolitarajia. Kwa hiyo kabla ya kusasisha keneli, tafuta jina la zamani katika /etc yote, rekebisha kila lilipo, kisha unda upya initramfs (mfumo mdogo wa faili unaotumika kompyuta inapowaka), maana nakala ya mipangilio ya zamani inaweza kuwa imebaki humo.