Karanga ikipita njia ya hewa

Mama Nasra, umeuliza kwa nini daktari alianza kusikiliza kifua cha kulia mwanao alipopaliwa na karanga. Hakubahatisha.

Tukimeza, kidakatonge (kifuniko kidogo nyuma ya ulimi) hufunika mlango wa bomba la hewa, chakula kikashuka kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mtoto akicheka au kukimbia huku anatafuna, anavuta pumzi mlango ukiwa wazi. Karanga inazama.

Bomba hilo kwa mtu mzima lina urefu wa sentimita 11 hivi, limeshikwa na pete za gegedu (papasa chini ya kongomeo, utazisikia kwa vidole). Kifuani linagawanyika mara mbili. Tawi la kushoto ni refu, jembamba, na limelala kiubavu kwa sababu moyo umekaa upande huo. Ndiyo maana pafu la kushoto lina ndewe (sehemu kuu za pafu) mbili na la kulia tatu. Tawi la kulia ni fupi, pana, limesimama karibu wima. Kitu kikianguka, huwa kinafuata huko. Kwa watoto wadogo tofauti hiyo si kubwa sana, kwa hiyo hata kushoto husikilizwa.

Sasa hili ndilo linalowaponza wazazi: kikohozi kinaweza kutulia karanga ikishakwama, mkadhani imetoka. Kumbe inanyonya unyevu na kuvimba mle ndani. Eksirei nayo mara nyingi haiioni karanga yenyewe. Akianza kukoroma kifua upande mmoja, au homa ikamrudia, mrudishe hospitali leo leo.