Tumbo linakaza wiki ya 31, mama mkwe anasema chango: mi yalinikuta

Mdogo wangu pole, nimesoma una wiki 31, tumbo linakaza linaachia, kiuno kinauma tangu jana na mama mkwe kakwambia ni chango unywe mizizi. Hiyo inaweza kuwa uchungu wa kujifungua kabla ya wakati. Mizizi iache kabisa, kuna mingine inauongeza huo uchungu wenyewe. Nenda hospitali leo leo, usingoje jumatatu.

Mi ilikuwa mimba ya pili, wiki 32. Nikadhani kiuno ni sababu ya kufua. Usiku tumbo likawa gumu kama mpira, linaachia, linarudi, nikaanza kuangalia saa kwenye simu, kila dakika kumi. Nikanywa maji nikalalia ubavu, wapi. Ule uchungu wa uongo ukipumzika huwa unapoa, huu ukawa unazidi, huku chini kunasukuma na ute una damu damu. Zahanati ya kwanza wakanipa panadol nirudi nyumbani, aisee hata mkono tumboni hawakuweka! Mume akagoma, akaita bajaji tukaenda hospitali ya wilaya.

Kule wakapima njia ya uzazi, imefunguka sentimita 2 tayari, na mkojo una UTI. Wakanipa nifedipini, nikashangaa maana najua ni vidonge vya presha na mi sina presha, nesi akanielewesha kwamba vinalegeza na mji wa mimba. Halafu sindano za deksa za kukomaza mapafu ya mtoto, mara 4, kila baada ya masaa 12. Hapo ndo wengi hatuelewi, vile vidonge mara nyingi havizuii kujifungua moja kwa moja, vinasogeza mbele siku mbili hivi ili sindano zifanye kazi, sasa ukifika njia imeshafunguka yote hizo siku mbili utazitoa wapi?

Nilijifungua siku ya tatu, kilo 1.7, akalia mwenyewe. Tukakaa wodi ya kangaruu wiki mbili na ushee, njiti wangu kifuani ngozi kwa ngozi mchana na usiku, baba yake akija anapokea zamu. Saa hizi ana miaka 4, kazi yake kuvunja vikombe.

Ukifika mapokezi usiseme "tumbo linauma", utakaa foleni. Sema nina wiki 31 na tumbo linakaza kila baada ya dakika kadhaa. Beba kadi ya kliniki, kama kuna maji yanavuja vaa pedi safi uwaonyeshe, na kama mtoto kapunguza kucheza anza na hilo.