Ushuru sifuri, mbona Horohoro bado tunasumbuliwa?

Swali: Mimi napeleka machungwa ya Muheza upande wa Kenya. Tunaambiwa soko la pamoja la Afrika Mashariki lipo tangu 2010, mbona hapa mpakani Horohoro makaratasi hayaishi? Ni sheria au wenzetu hawatuamini tu?

Jibu: Dada, yote mawili, na mimi uwakala wa forodha hapa Tanga ndo kazi yangu kwahiyo hili naliona sana. Ushuru wa machungwa yako kuingia Kenya ni sifuri tangu umoja wa forodha uanze 2005. Ushuru ukaondoka, kutoaminiana kukabaki kwenye vibali.

Angalia, mpaka ulifungwa 1977 mpaka 1983, watu wamekua wanaambiwa Mkenya ni nyang'au atatumeza na yeye kule anaambiwa Mtanzania mzembe, mali yake haina kiwango, na wanaoandika sera leo wengi wamekulia humo humo. Machi 2021 Kenya wakazuia mahindi yetu na ya Uganda sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, sasa sumukuvu inaua kweli sio kisingizio, lakini huku tulichosikia ni dharau tupu. Na sisi 2017 tukachoma vifaranga 6,400 kutoka Kenya, hoja ilikuwa magonjwa, wao wakasikia chuki. Hoja ya kitaalamu ikija kwa ghafla hivyo hakuna anayeisikiliza, na inaniuma maana anayeozewa na mzigo ni mama wa sokoni.

Sio kila hofu ni ya kijinga lakini. Kwenye soko la pamoja Tanzania tulikomaa ardhi ibaki kwenye sheria za kila nchi, na naona tulikuwa sahihi. Halafu pale mpakani penyewe hofu ni ndogo kuliko Dodoma na Nairobi, Wadigo wapo Mkinga huku kwetu na wapo Kwale kule Kenya, wanaozana.

Sasa mzigo wako: kama hauzidi dola 2,000 na bidhaa ipo kwenye orodha iliyokubaliwa, omba cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachoonyesha mzigo umetoka Tanzania, hapo hapo kwa watu wa forodha. Chukua cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea, kabla hujapakia, na mnunuzi wako aombe mapema kibali cha kuingiza mzigo kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya. Ukikataliwa omba sababu kwa maandishi yenye tarehe, upeleke kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani vikwazo vya biashara ambavyo sio ushuru, maana malalamiko ya mdomo hawana pa kuyaanzia.