Mkopo wa kweli haukuombi pesa kwanza

Nimekuwa wakala wa M-Pesa hapa Kaptembwa, Nakuru, kwa miaka mingi, na mtu aliyeshikwa na tapeli wa simu namtambua kabla hajafungua kinywa. Anaingia simu ikiwa sikioni, hasalimii, anasukuma noti dirishani: "Niwekee haraka." Mteja wa kawaida hukata simu kwanza ili ahesabu pesa zake. Huyu hakati, maana ameamriwa asikate na asimwambie mtu yeyote. Wewe ukiamriwa hivyo, kata. Anayekupa haki yako hana sababu ya kutaka umfiche jirani.

Kuna mama anayeuza sukuma karibu na steji. Alipigiwa na kijana mwenye sauti ya upole, akamtaja kwa jina na kumpongeza kwamba mkopo wake wa shilingi 80,000 umepita. Zilibaki 2,400 tu za bima. Nilimwomba amuulize, "Mbona msikate hiyo bima kwenye mkopo wenyewe, mnitumie zinazobaki?" Kijana akasema mfumo haukubali. Mama akarudia swali. Bima ikashuka hadi 1,500, kisha 800, na mwishowe akaporomoshewa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Bima halali haishuki bei kama nyanya za jioni.

Swali hilo litumieni, ndugu zangu. Anayekukopesha anaweza kukata gharama zake kwenye pesa anazokupa, au akakudai baadaye. M-Shwari, mkopo wa kupitia M-Pesa, tumeizoea tangu 2012, na ada yake unailipa pamoja na deni, hakuna unachotanguliza. Mtu anayeng'ang'ania utoe kwanza hana chochote cha kukupa. Na ukitoa hiyo ya kwanza, kesho utasikia kuna ada ya kufungua faili, keshokutwa ushuru.

Alijuaje jina langu? Swali hilo naulizwa sana. Ukiandika namba ya mtu kana kwamba unamtumia pesa, jina hujitokeza kabla hujathibitisha. Basi jina halithibitishi lolote. Lakini nawe soma jina linalojitokeza: anasema ni kampuni, mbona pesa zinaenda kwa mtu binafsi? Wengine huniomba niwekee moja kwa moja kwenye namba waliyosomewa. Hilo silifanyi. Namwekea mwenye laini, aliyesimama mbele yangu na kitambulisho chake.

Linaloniuma zaidi ni la usajili wa jeshi. Wazazi huuza ng'ombe ili kijana "awekwe kwenye orodha". KDF, yaani jeshi letu la Kenya, hutangaza kila mara kwamba usajili ni bure. Anayedai pesa, hata akiwa na barua yenye muhuri, ni mwizi.

Ukipata ujumbe kwamba umetumiwa pesa kimakosa na mtu analia umrudishie, tazama salio lako kwanza. Ujumbe halisi huja kwa jina la MPESA. Ukija na namba ya simu ya kawaida, ni wa uongo.

Kama umeshatuma, usikae ukilia. Papo hapo peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 uombe pesa zirudishwe. Hapo dakika zina maana, kwa sababu akishazitoa hakuna kitu cha kuzuia. Namba ya tapeli itume kwa 333, kisha uende kituo cha polisi uandikishe na upewe namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandika matukio, hata kama ni mia tano.

Jambo moja la kufanya leo: chukua simu ya mzazi wako uhifadhi 0722 000 000 kwa jina Safaricom. Ndiyo namba ambayo kampuni yenyewe imetangaza kwamba huitumia kuwapigia wateja. Mtu mwingine akijiita Safaricom, mzazi akate, na PIN yake asimtajie mtu yeyote, hata mimi wakala wake.