Maswali na majibu: Nishani ya kazi ya sumu apewe nani?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja. Vyama vya wataalamu wa sumu na hospitali vinapotoa tuzo ya utumishi uliotukuka, mstahili anajulikanaje? Maswali nimeyafupisha. Majibu ni yangu, na mwenye hoja tofauti anakaribishwa.

Kila mwaka kamati yetu humpa tuzo profesa mwenye makala nyingi. Mfamasia anayepokea simu za sumu usiku hajawahi hata kupendekezwa. Kuna kosa hapo? (Katibu wa kamati)

Lipo, ndugu katibu, na linaanzia kwenye fomu yenu. Kama swali la kwanza ni "orodhesha machapisho", mfamasia huyo ameshaenguliwa kabla jina lake halijaandikwa.

Kumbukeni fani hii ilikotoka. Kituo cha kwanza cha kudhibiti sumu Marekani kilianzishwa Chicago mwaka 1953 kwa juhudi za daktari Edward Press, lakini mjini humo mfamasia wa hospitali, Louis Gdalman, alikuwa ameshatumia miaka mingi kukusanya kwenye kadi taarifa za bidhaa za nyumbani: kina nini ndani, kinadhuru vipi, kinatibiwaje. Madaktari walikuwa wakimpigia yeye. Kituo kilisimama juu ya kazi ya namna hiyo.

Na simu yenyewe ni utaalamu. Mzazi anapiga akihema, mtoto amekunywa kitu. Aliye upande wa pili anatakiwa kupata ndani ya muda mfupi umri, uzito, jina la bidhaa, kiasi, muda uliopita tangu anywe na dalili, kisha aamue: abaki nyumbani aangaliwe, au aende hospitali sasa hivi? Akiamua sawasawa kwamba abaki, hakuna gari la wagonjwa, hakuna kitanda, hakuna jalada. Mzazi anarudi kulala. Huo ndio ufanisi, na hauna mahali pa kuandikwa kwenye CV.

Tengeni tuzo mbili: moja ya utafiti, moja ya huduma. Msizichanganye, kwa sababu zikichanganywa utafiti hushinda kila mara.

Nitathibitishaje kwamba mtu alizuia watu wasipate sumu? Kisichotokea hakina ushahidi. (Daktari wa magonjwa ya dharura)

Kina ushahidi, ila inabidi uutafute mahali tofauti.

Mahali pa kwanza ni hesabu za kabla na baada. Henri Breault, daktari wa watoto huko Windsor, Kanada, alichoka kuwatibu watoto waliomeza vidonge vya wakubwa. Akasukuma hadi kikapatikana kifuniko cha kubonyeza huku ukizungusha, mwaka 1967. Katika eneo lake ajali za sumu kwa watoto zinatajwa kupungua kwa asilimia 91. Ukiwa na namba kama hiyo, pendekezo lako linajisimamia.

Mahali pa pili ni karatasi za maamuzi. Frances Kelsey alipojiunga na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 1960, alikabidhiwa ombi la kusajili thalidomidi, dawa ya usingizi iliyokwisha kuuzwa katika nchi nyingine nyingi. Wakubwa waliona ni faili rahisi la kumpa mgeni. Yeye akadai data zaidi. Kampuni ikaleta, akaona haitoshi, akadai tena. Aliposoma kwamba watumiaji wengine Uingereza walikuwa wakipata ganzi mikononi na miguuni, akauliza swali ambalo kampuni haikuwa na jibu lake: dawa inayodhuru neva za mtu mzima inamfanya nini mtoto tumboni? Mwishoni mwa 1961 ikaondolewa sokoni Ujerumani, baada ya maelfu ya watoto duniani kuzaliwa na viungo vilivyoharibika. Marekani ilipata visa vichache tu, kwa sababu wakati huo haikuwa imesajiliwa huko. Agosti 1962 Rais Kennedy alimvisha Kelsey nishani ya juu ya utumishi wa umma wa kiraia.

Angalia nishani ile ilitolewa kwa nini. Kelsey hakugundua chochote wala hakumtibu mtu. Alikataa kusaini, akaendelea kukataa huku akisukumwa, na sababu zake aliziandika. Barua hizo ndizo ushahidi. Tena hakuwa mgeni wa janga: akiwa mwanafunzi alishiriki uchunguzi wa eliksiri ya sulfanilamidi, dawa ya maji iliyoua zaidi ya watu 100 mwaka 1937 kwa sababu ya kiyeyusho chenye sumu. Mtu wa aina hiyo ukiwa naye ofisini pako, huenda unamwona msumbufu. Pitia mafaili aliyoyakwamisha kabla hujamwandikia onyo.

Mahali pa tatu ni kuigwa. Kama mwongozo wa hospitali moja umechukuliwa na nyingine, pata barua kutoka huko.

Kipi bora, kumpa mtu tuzo akiwa hai au kuuita mhadhara kwa jina lake akishafariki? (Mwanachama mpya)

Akiwa hai. Breault alifariki mwaka 1983. Jina lake liliingizwa kwenye jumba la heshima la tiba la Kanada mwaka 1997. Vizuri, lakini yeye hakuliona.

Mhadhara una faida nyingine, kwamba unawalazimisha vijana kuuliza mwenye jina alikuwa nani. Chama cha Ulaya cha vituo vya sumu, kilichoanzishwa 1964, kina mhadhara wa Louis Roche, mmoja wa waasisi wake. Heshima ninayoipenda zaidi, hata hivyo, haitolewi na kamati yoyote: chati ya Rumack na Matthew, iliyochapishwa 1975. Mgonjwa amemeza parasetamoli nyingi, damu inapimwa kuanzia saa nne baada ya kumeza, daktari anaangalia mstari wa chati na kuamua kama atampa asetilisisteini, dawa ya kupinga sumu hiyo. Majina hayo mawili yanatajwa vyumba vya dharura kila siku, na anayeyataja mara nyingi hajui kwamba anamtukuza mtu.

Kampuni ya viuatilifu inataka kudhamini tuzo yetu. Fedha tunazihitaji. (Mhazini)

Najua mnazihitaji. Zikataeni.

Petroli ya risasi, yaani iliyotiwa madini ya risasi, inatosha kuwa mfano. Thomas Midgley, mhandisi aliyegundua mwaka 1921 kwamba risasi inatuliza injini, alivishwa medali moja baada ya nyingine na wanakemia wenzake, pamoja na ile ya Priestley mwaka 1941, ingawa tangu 1924 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa viwanda vya kemikali hiyo walikufa kwa sumu. Daktari aliyekuwa akiuhakikishia umma kwamba hakuna hatari, Robert Kehoe, alikuwa akilipwa na wenye biashara.

Upande wa pili alisimama Alice Hamilton, daktari aliyetembea viwandani kuwatafuta waliodhuriwa na risasi. Mwaka 1925, kwenye mkutano wa serikali kuhusu petroli hiyo, alipinga waziwazi. Harvard ilikuwa imemwajiri mwaka 1919, mwanamke wa kwanza kufundisha pale, kwa masharti ya ajabu: asiingie klabu ya wahadhiri, asiandamane kwenye mahafali. Alistaafu 1935 akiwa bado profesa msaidizi. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya risasi kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Kwa hiyo mdhamini akiwa muuzaji wa kile ambacho mteuliwa wenu anatakiwa kukitolea hukumu, hata mteuliwa safi atatiliwa shaka. Cheti cha karatasi kisicho na nembo ya kampuni kina uzito kuliko hundi.

Naweza kusimulia kisa cha mgonjwa kwenye maelezo ya sifa za mteuliwa? (Muuguzi mkuu)

Kwa tahadhari kubwa, dada. Visa vya sumu vina siri kuliko vingi: kujidhuru kwa makusudi, ugomvi wa ndani ya familia, uzembe wa mwajiri. Kuficha jina hakutoshi. Sumu adimu ikitajwa pamoja na mwezi na wodi, jamaa watamtambua. Omba ridhaa ya maandishi, na usipoipata eleza alichofanya mteuliwa bila mgonjwa kuonekana. Usibadilishe maelezo ili kipendeze. Kisa kilichotiwa chumvi kikigundulika, anayeaibika ni mteuliwa.

Hotuba ya kukabidhi tuzo iwe ya dakika ngapi? (Mshereheshaji)

Tano. Taja kazi moja aliyoifanya, kwa undani, badala ya kusoma wasifu mzima. Muulize mapema jina lake linavyotamkwa. Na kama ni mtu wa zamu za usiku, usiiweke sherehe saa mbili asubuhi.