Jina la uwanjani halitoshi kwenye maikrofoni: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zimegawanyika makundi mawili: vijana wanaotaka kutangaza mpira, na wachezaji waliotundika daluga wanaotafuta kiti cha uchambuzi. Makundi yote mawili yanauliza sana kuhusu kuonekana na kusikika. Kuhusu maandalizi, ni mmoja tu aliyeuliza, naye nimempa nafasi kubwa.

Nataka kutangaza kama Peter Drury. Nimeshaandika sentensi kama 40 za kishairi kwa ajili ya msimu ujao. Nizikariri vipi?

Zichane. Swali hili huja kila mara kwa sura mpya, na jibu ni lile lile. Drury amekuwa sauti kuu ya kituo cha Uingereza, Sky Sports, tangu 2023, akimpokea Martin Tyler, lakini kabla ya hapo alipita redio ya BBC, ITV na BT Sport. Nyinyi mnasikia maneno ya sekunde 20 yaliyokatwa yakasambazwa mitandaoni. Zile dakika 89 nyingine, ambazo anataja nani ana mpira, kutoka kwa nani, kwenda wapi, bila kukosea jina, hamzisikilizi.

Sentensi iliyoandikwa mapema ina madhara mawili. La kwanza, unaanza kuitafutia mahali pa kuichomeka, na wakati unaitafuta unapitwa na pasi iliyozaa goli. La pili, unaitoa yote kwa shangwe, kisha VAR, wale waamuzi wa video, inafuta goli, na huna tena cha kusema. Mwaka 1966, kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Wembley, mtangazaji Kenneth Wolstenholme aliona watu wameingia uwanjani wakidhani mechi imekwisha, akasema hivyo hivyo alivyoona. Papo hapo Geoff Hurst akafunga goli la nne la Uingereza, naye akaongeza kwamba sasa ndiyo imekwisha. Maneno yale yamedumu kwa sababu yalitoka machoni mwake.

Andaa taarifa, usiandae sentensi. Ruhusa ninayoitoa ni kwa sekunde 30 za ufunguzi, na kwa filimbi ya mwisho ya fainali, kwa kuwa hayo mawili unajua yatakuja. Hata hayo, andika mambo mawili matatu ya kugusia, si shairi.

Ikifika dakika ya 70 sauti yangu inakwaruza. Asali au tangawizi?

Hakuna kati ya hivyo kinachogusa chanzo. Chanzo mara nyingi kiko masikioni. Sauti ya mashabiki ikiwa juu kwenye vifaa vyako vya masikioni na yako ikiwa chini, utapaza bila kujijua ili ujisikie. Kabla ya matangazo mwombe fundi wa sauti apunguze uwanja na akuongezee sauti yako mwenyewe. Ukipewa ile maikrofoni ya kushika mkononi yenye kipande kinachogusa mdomo wa juu, ikae hapo hapo, usiiachanishe na mdomo. Imeundwa ili kinywa kikae umbali wa sentimita 5 na kidogo kutoka kwenye kifaa, na kuchuja kelele za jukwaani ni kazi yake. Huhitaji kushindana na mashabiki 50,000.

Jambo la pili: anza chini. Anayeanza mechi akiwa tayari juu hana pa kupandia goli linapoingia, kwa hiyo anakamua koo. Kunywa maji kidogo kidogo tangu saa kadhaa kabla, si chupa nzima wakati wa mapumziko. Sauti ikichoka, nyamaza kabisa, kunong'ona hakuipumzishi. Ukwaruzaji ukizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa koo, usisubiri msimu uishe.

Maandalizi ya mechi moja yanachukua muda gani, na karatasi yangu iwe na nini?

Swali zuri kuliko yote niliyopokea. Kwa mechi ya televisheni, tenga siku mbili za kazi kama timu huzijui vizuri, moja kama unazitangaza kila mwezi.

Chukua karatasi moja kubwa, saizi ya A3, ngumu kiasi ili isipeperuke. Igawe katikati, timu moja kila upande, upande ule ule inaposhambulia ukiwa kwenye kiti chako. Wachezaji wapange kwa nafasi zao uwanjani, si kwa orodha ya namba, kwa sababu jicho linatoka uwanjani kwenda kwenye karatasi na linataka kukuta ramani ile ile. Kila mchezaji apate kisanduku chenye namba ya jezi kwa maandishi makubwa, jina kama linavyotamkwa, umri, mechi na magoli ya msimu, kadi, na mambo mawili tu ya ziada. Mawili. Ukiandika kumi hutayaona. Tumia rangi: moja kwa majeruhi waliorudi, nyingine kwa rekodi zinazokaribia kuvunjwa.

Benchi msilidharau. Tangu mabadiliko matano yaruhusiwe, karibu nusu ya wachezaji wa ndani wanaweza kubadilika, na makosa mengi ya majina hutokea baada ya dakika ya 60, pale wanapoingia watatu kwa mpigo. Kwenye Kombe la Dunia lenye vikosi vya wachezaji 26 kuna watu 52 wa kuwafahamu kwa mechi moja, na mashindano ya timu 48 yana mechi 104. Hutawajua kwa nyuso. Wajue kwa mwendo, nywele, soksi zilizoshushwa, mguu wanaoutumia, rangi ya viatu. Viatu vihakikishe wakati wa kupasha misuli, maana hubadilishwa.

Matamshi: usikisie. Muulize msemaji wa timu, au tafuta mahali mchezaji anapojitaja mwenyewe. Kisha andika kwa tahajia yetu. Kipa Mpolandi Szczęsny ukimwandika "Shchensni" utamtaja vizuri hata katikati ya hekaheka ya penalti.

Vikosi vinatoka zaidi ya saa moja kidogo kabla ya mechi kuanza. Muda huo ni wa kupanga upya karatasi, si wa kupiga picha na kuzirusha. Na mkubali mapema kwamba sehemu kubwa ya mlichoandika haitasemwa. Mtangazaji anayelazimisha kumaliza karatasi yake anaboa kuliko asiyejiandaa.

Je, lazima niwe na shahada?

Hapana. Kilicho lazima ni kuzisoma sheria 17 za mpira, kila mwaka, zinapotoka upya.

Nilicheza ligi kuu misimu 9 na nikaitwa timu ya taifa. Nimeomba kazi ya uchambuzi vituo vinne, hakuna aliyejibu. Uzoefu hauheshimiwi siku hizi?

Unaheshimiwa, kaka, ila wanaouza uzoefu ni wengi. Jina linakupa mwaliko wa kwanza. Mwaliko wa pili unaletwa na ulichosema siku ile ya kwanza.

Tazama waliofika. Gary Lineker alimalizia soka lake Japani mwaka 1994, lakini uongozi wa Match of the Day, kipindi cha soka cha BBC, aliukalia 1999. Mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1986 alitumia miaka hiyo ya katikati kujifunza kazi, redioni na kwenye kiti cha uchambuzi, kabla ya kukabidhiwa kipindi. Alex Scott, mwenye mechi 140 za timu ya taifa ya Uingereza, alisomea uandishi na utangazaji wa michezo chuo kikuu. Gary Neville aliacha kucheza mapema 2011 na msimu uliofuata alikuwa Sky. Kilichomjenga pale hakikuwa makombe ya Manchester United bali kile kipindi cha Jumatatu, ambapo alisimama mbele ya skrini na kuonyesha beki alikosea hatua gani.

Fanya zoezi hili kabla ya kutuma ombi jingine. Chagua goli. Lirudishe nyuma sekunde 10 kabla mpira haujaingia wavuni. Simamisha picha mara tatu, si zaidi: mahali kosa lilipoanza, mahali lilipoweza kurekebishwa, mahali lilipoadhibiwa. Eleza kwa sekunde 30 mchezaji aliona nini, kwa nini akaamua vile, na alipaswa kufanya nini. Jirekodi. Usitaje lolote ambalo mtazamaji ameshaliona kwa macho yake. Ukifika goli la ishirini utakuwa na kitu cha kumtumia prodyuza, nacho kina thamani kuliko picha zako ukiwa umevaa medali.

Wachezaji wa zamani hukwama mahali pale pale. Husimulia picha: "anapiga krosi, anaruka, anafunga." Husema timu "ijitume zaidi", maneno yasiyomfundisha mtu chochote. Huwalinda rafiki zao waliobaki kwenye mchezo. Na huzungumzia sheria wasizozisoma. Neno "mtu wa mwisho" halimo kwenye sheria. Refa anaangalia kama nafasi ya wazi ya kufunga imezuiwa, na tangu 2016 beki aliyeuwania mpira kwa dhati ndani ya eneo la penalti hupewa kadi ya njano pamoja na penalti, si nyekundu. Tangu 2019 mpira wa goli, ule unaoanzishwa kutoka langoni, si lazima utoke nje ya eneo la penalti ndipo uwe mchezoni. Mchambuzi anayebisha mambo haya hewani anawapotosha watu wanaomwamini kwa sababu alicheza.

Usiogope kukosea utabiri. Alan Hansen, mchambuzi wa Match of the Day, Agosti 1995, baada ya Manchester United kufungwa 3-1 na Aston Villa, alisema huwezi kushinda lolote ukiwa na watoto. Watoto wale wakachukua ligi na Kombe la FA. Hansen aliendelea kwenye kiti chake hadi 2014, kwa sababu alipoeleza ulinzi watu walielimika.

Jambo ambalo hukuuliza: kama bado unatafuta kazi ya ukocha, kiambie kituo. Neville alikwenda kufundisha Valencia Desemba 2015, hakumaliza miezi minne, akarudi kwenye uchambuzi. Si dhambi. Dhambi ni kumpamba rais wa klabu kila wiki ukiwa unasubiri simu yake.

Mimi ni wa redio, nimepata nafasi ya televisheni. Wananiambia naongea sana.

Ni kweli, unaongea sana. Kazi hizi mbili zinafanana jina tu. BBC ilipotangaza mechi ya kwanza ya ligi redioni, Arsenal na Sheffield United, Januari 22, 1927, jarida lake lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa viraba 8, na sauti ya pili ikawa inataja namba ya kiraba kulipo mpira. Ndiyo redio hiyo: mpira uko wapi, nani anao, anaelekea lango gani, matokeo ni yapi. Red Barber, mtangazaji wa besiboli wa Marekani, aliweka mezani kichupa cha mchanga cha dakika 3 cha kupimia yai. Mchanga ukiisha anataja matokeo na kukigeuza. Wa redio wote waige.

Kwenye televisheni, picha imeshasema hayo. Taja jina, acha. Goli likiingia, mtaje mfungaji kwa sauti ya kilele, kisha nyamaza sekunde 8 hadi 10, mashabiki wasikike. Marudio si yako, ni ya mchambuzi mwenzako. Naye ajue kwamba mpira ukivuka kwenda theluthi ya mwisho, anakata sentensi hata kama ni tamu.

Binti yetu anataka kutangaza mechi za wanaume. Watu wanamcheka. Kuna aliyewahi?

Jacqui Oatley alitangaza Match of the Day mwaka 2007, baada ya kuanzia redio ya eneo kwenye ligi za chini. Vicki Sparks alitangaza moja kwa moja mechi ya Kombe la Dunia kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 2018. Aanze kurekodi leo. Wanaocheka sio wanaosikiliza demo, ile rekodi ya kuombea kazi.

Shikamoo. Nina miaka 17. Demo iwe na urefu gani, na niweke magoli mangapi?

Marahaba. Dakika 4, goli moja. Zilizobaki ziwe mchezo mkavu wa katikati ya uwanja, kwa sababu kutangaza goli kila mtu anaweza. Anayesikiliza anataka kujua unafanyaje mpira unapozunguka bila mwelekeo. Zima sauti ya mtangazaji wa awali, acha ya mashabiki ukiweza. Usiweke muziki. Usirudie kipande hadi kiwe safi. Kosa ukilikosea, lisahihishe papo hapo na uendelee, maana hicho nacho ni kipimo.

Kuna ukweli kwamba mtu anaweza kupoteza kazi kwa maneno aliyosema wakati hayuko hewani?

Ndiyo. Mchambuzi Ron Atkinson aliachia kazi yake ITV mwaka 2004 kwa kauli ya kibaguzi aliyodhani maikrofoni imeshazimwa. Mchambuzi Andy Gray alifukuzwa Sky Januari 2011 na mtangazaji mwenzake Richard Keys akajiuzulu, kwa maneno kuhusu mwamuzi msaidizi wa kike. Kitufe cha kukoholea hukata sauti pale tu unapokibonyeza. Ukikiachia, uko hewani au unarekodiwa mahali. Na heri usiwe na maneno ya kuficha.

Kituo kinataka nitangaze mechi ya ugenini nikiwa studio, kwa kutazama skrini. Nikatae?

Usikatae, lakini omba vitu vitatu kwa maandishi. Skrini ya pili yenye picha pana isiyokatwa, ili uone safu ya ulinzi na nani anapasha pembeni. Mtu uwanjani wa kukuthibitishia mabadiliko na majeruhi. Na laini ya sauti iliyopimwa pamoja na picha kabla ya matangazo, kwa sababu picha ikichelewa hata sekunde moja nyuma ya kelele za mashabiki, utasikia goli kabla hujaliona na sauti yako itakusaliti. Simu izimwe, iwekwe chumba kingine. Matokeo hufika huko kabla ya picha yako.